Kabla hujatafuta mfadhili, kamsikilize komba

Kijana mmoja wa Masasi ameniandikia juzi: "Kaka, nimemaliza diploma ya wanyamapori, nataka kuokoa wanyama walio hatarini kutoweka. Nianzie wapi, na nani anatoa fedha?" Swali hili linanijia sana tangu niweke hapa sauti niliyomrekodi komba, yule mnyama mdogo wa usiku anayerukaruka mitini, kwa hiyo namjibu mbele ya wote. Najua wengi mnaonisoma mnaota ndoto hiyohiyo.

Mimi nilianzia Rutamba, mkoani Lindi, kwenye msitu wa Litipo, bila mfadhili. Nilikuwa na simu, tochi, na shangazi aliyenipa pa kulala huku akiniambia kila jioni kwamba mtu mwenye akili zake hafuati komba usiku. Kwetu huyu ni mnyama wa mzaha, mlevi anayepanda mnazi kuiba tembo la mgema. Lakini huyo ni komba mkubwa. Niliyekuwa namtafuta ni komba wa Rondo, gramu 60 hivi, miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani. Wanasayansi walimtambua kuwa spishi yake peke yake miaka ya 1990, na mpaka leo anajulikana Tanzania tu, tena kwenye vipande vya msitu wa pwani: Rondo, Litipo, Ziwani kule Mtwara, na vichache kuelekea Pugu na Zaraninge.

Sasa ukimmulika utamjuaje, na komba wadogo wanafanana hivi? Kwa mlio. Kila spishi ina mlio wake, na wa Rondo hulia kwa mapigo mawilimawili, akirudia na kurudia. Nilifunga nailoni nyekundu kwenye tochi, maana mwanga mweupe unawasumbua, nikakaa. Habari za mbu na siafu sitawachosha nazo. Usiku nilioupata ule mlio nilibonyeza kurekodi kwanza, ndipo nikamulika: macho mawili, akaruka, kimya, akaruka tena, halafu mkia, manyoya yamesimama kama brashi ya kuoshea chupa. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Bado najisikia.

Rekodi zangu nikampa mtaalamu mmoja aliyepita kufanya utafiti. Alinishukuru mno kwa mdomo. Ripoti ilipotoka, mimi nikawa "mkazi wa eneo hilo". Watu wananiambia niachane nayo. Sijaachana nayo.

Tuendelee. Rekodi peke yake haizuii panga. Komba huyu hapiti juu kwenye vilele. Anaruka kutoka kijiti hadi kijiti, chini ya miti mikubwa. Mtu akifyeka chini apande ufuta, akaacha miti mikubwa, anajiona hajagusa msitu. Kumbe kwa komba amebomoa nyumba. Ndiyo maana hata ile misaji iliyopandwa Rondo, pamoja na kupendeza kwake, haiwezi kuhesabiwa kuwa makazi yake.

Cha kufanya kipo kisheria. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia. Kilwa walishaonyesha njia: mwaka 2009 vijiji, Kikole kikiwamo, vilipata cheti cha FSC, cha kimataifa kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, wakawa wanauza mpingo kwa mpango na fedha zinaingia kijijini. Lakini usiende kwenye mkutano wa kijiji ukianza na spishi. Mimi nilianza hivyo, wakapiga miayo. Nikawawekea sauti kwenye spika. Bibi mmoja nyuma akasema, "Huyo alikuwa akilia nyuma ya kwangu, akanyamaza walipoanza kuchoma mkaa." Mzee mwingine akadakia na upande wa kwake. Kabla mwenyekiti hajafunga kikao tulikuwa na orodha ya sehemu alikokuwepo na mwaka aliponyamaza, na mwezi uliopita kamati ya maliasili imekubali eneo moja la bondeni lisifyekwe. Moja tu, lakini lipo.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mnakaa mjini mnasubiri semina yenye posho, mnajaza fomu za miradi ya tembo kwa sababu tembo ana wafadhili. Nani atamsemea mnyama wa gramu 60? Diploma yako haijui msitu wa nyuma ya kijiji chenu unalia nini saa mbili usiku. Nenda kasikilize. Waulize wazee. Sikiliza tena.

Na kila unaporekodi, taja tarehe, saa, na mahali ulipo kwa GPS ya simu. Weka nakala mbili, moja isitoke mikononi mwako. Jina lako litamke mwenyewe mwanzoni mwa rekodi, kwa sauti, kabla komba hajalia.