Mavuno ya Juni, njaa ya Februari: tengeni fungu la maskini kabla ya mnada

Katika sharika na mitaa mingi ya Dodoma na Singida, sadaka ya mavuno huletwa baada ya watu kuvuna, kuanzia Juni hivi. Yanakuja madebe ya mahindi na mtama, karanga, maboga na kuku. Ibada ikiisha unapigwa mnada, fedha zinaingia kwa mtunza hazina. Siku hizo hata mnyonge ana kidogo ndani. Njaa humkuta kati ya Januari na Machi, shamba limelimwa, mahindi bado machanga, na bei ya sokoni imeshapanda. Ndipo kanisa linachangishana upya, na kununua kwa bei ya juu nafaka ileile lililoiuza kwa bei ya chini. Dawa yake ni kutenga fungu la maskini kabla ya mnada na kulihifadhi.

Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe akiba malangoni, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale na kushiba. Haisemi waonje, inasema washibe. Kwa hiyo pigeni hesabu ya shibe. Mtu mmoja anahitaji gramu 400 hivi za nafaka kwa siku, pamoja na gramu 60 za maharage. Familia ya watu watano inakula kilo 2 za nafaka kila siku, yaani kilo 60 kwa mwezi. Kile kifurushi cha unga kilo 5 tunachokabidhi Krismasi kinaisha siku ya tatu mchana! Kanisa likiamua kubeba nusu ya mahitaji ya familia hiyo kwa miezi mitatu, ni kilo 90 za mahindi, chini kidogo ya gunia moja la kilo 100. Familia kumi, magunia kumi. Usharika wa wakulima unayaweza hayo bila kelele.

Kuhifadhi ndiko kunakoshinda wengi. Mahindi yasiyokauka huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Yaanikeni juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka robo yake na kijiko cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisheni juani. Chambueni punje zilizovunjika na zenye ukungu, mzitupe; hata kuku wasipewe. Wapo wanaoleta kanisani mahindi waliyoyakataa nyumbani. Malaki 1:8 inawauliza watu wa namna hiyo kama liwali wao angepokea zawadi ya mnyama kilema. Mzee wa kanisa anayepokea sadaka awe na ujasiri wa kumrudishia mtu debe lake, kwa upole na faraghani.

Tumieni mifuko ya kinga njaa, yenye tabaka tatu, isiyohitaji dawa. Kabla ya kujaza, ingiza hewa kwenye mifuko miwili ya plastiki iliyo ndani mkisikiliza kama kuna tundu. Jaza, kandamiza hewa itoke, kisha funga kila tabaka peke yake kwa kamba. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, kwa hiyo anayefungua kila wiki kuchungulia ndiye anayewafufua. Pangeni juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na mzibe matundu ya panya. Ghala liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa nyumba moja, na daftari la kinachoingia na kinachotoka. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijilinda asilaumiwe juu ya karama, yaani mchango, aliyoisimamia.

Orodha ya familia iandaliwe Novemba. Manung'uniko ya Matendo 6 yalitokana na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Kwetu husahaulika mhamiaji, asiyesali kwetu, na bibi anayelea wajukuu lakini haombi. Muulizeni mwenyekiti wa kitongoji, kisha mtembelee jioni muone kama jiko linawaka. Mkiwa hapo, ulizeni pia kama mzee ana kitambulisho cha matibabu. Asiye na uwezo mwenye miaka 60 na kuendelea anastahili kutibiwa bure kwa sera ya nchi, na wengi hukosa tu mtu wa kuwafuatilia.

Msigawe gunia zima kwa mkupuo, kwa sababu mwenye deni ataliuza kwa bei ya kutupa siku hiyohiyo. Toeni kilo 30 kila mwezi, karibu debe mbili, pamoja na kilo 4 au 5 za maharage na fedha ya kusagia. Bila fedha ya mashine, mahindi yatapunguzwa kulipia kusaga. Mpelekeeni kila mtu nyumbani kwake, bila foleni uwanjani na bila picha. Mathayo 6:3, inayotaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, haina kifungu kinachoruhusu simu.

Mahindi mabichi yakianza kuliwa, simamisheni mgao. Nafaka iliyobaki iuzwe kabla ya mavuno mapya kushusha bei, fedha yake inunue mifuko kwa msimu unaofuata.