Nyuzi nyeupe kwenye mizizi ya sukuma wiki

SWALI: Nimeotesha mbegu za sukuma wiki kwenye kitambaa kibichi. Sasa vimizizi vimejaa nyuzi nyeupe kama pamba. Muuza dawa ameniuzia dawa ya kuvu, na chupa ya "mafuta ya lipidi" anayosema huamsha jeni za mizizi. Nianze na ipi?
Mama mwenye bustani ya ndoo, Kisauni

JIBU: Usianze na yoyote, mama. Hivyo ni vinyweleo vya mzizi, na ndivyo vinavyoufyonzea mche maji na fosforasi. Vitazame kwenye mwanga: vimeuzunguka mzizi nyuma kidogo ya ncha, ncha yenyewe iko wazi, na kitambaa kando yake ni safi. Kuvu haina adabu hiyo. Hupanda juu ya ganda la mbegu, hutambaa kitambaani, hushika mche wa jirani, na mara nyingi hunuka. Kila msimu naletewa miche iliyobabuka kwa dawa ya shaba, mwenyewe akiapa kwamba alikuwa anaitibu.

Lakini chupa ya pili ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu aliyeitunga ameokota maneno mawili ya kweli akayafanyia biashara. Jeni zimo kweli, na lipidi, yaani mafuta ya ndani ya seli, zimo kweli. Ila hazifanyi kazi anavyosema yeye.

Mengi tunayoyajua kuhusu vinyweleo yametoka kwa Arabidopsis, kimmea kidogo ambacho jenomu yake, yaani maelekezo yake yote ya urithi, ilichapishwa mwaka 2000, na ambacho ni cha ukoo mmoja na sukuma wiki. Kila kinyweleo ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi iliyorefuka. Seli iliyokalia mpaka wa seli mbili za tabaka la chini huota kinyweleo. Iliyokalia seli moja hubaki laini. Kwenye hizo laini, jeni iitwayo WEREWOLF huiwasha GLABRA2, nayo huzuia kinyweleo kisiote. Wakati huohuo protini ya CAPRICE hutoka humo ikaingia seli ya jirani na kuizuia isifuate njia hiyo. WEREWOLF ikiharibika, karibu kila seli huota kinyweleo; CAPRICE ikiharibika, mzizi hubaki na vichache mno. Kwa hiyo jeni hizi hazikulala hata zihitaji kuamshwa. Zimeshaamua, mbegu ikiwa bado kitambaani.

Lipidi huja baada ya hapo. Kinyweleo hurefuka nchani peke yake, kama fundi anayejenga mnara kwa kuongeza tofali juu. Kimeng'enya PIP5K3, yaani protini inayoendesha kazi za kikemikali ndani ya seli, hutengeneza lipidi za aina ya fosfoinositidi, ambazo hukusanyika upande wa ndani wa utando wa seli, palepale kwenye ncha, zikaelekeza vifuko vya malighafi ya ukuta wa seli vishushe mzigo wapi. PIP5K3 ikikosekana, vinyweleo huwa vifupi. Ikizidi, seli moja huweza kuchomoza mahali zaidi ya pamoja. Kinachotakiwa ni kiasi kidogo mno, mahali pamoja, ndani ya seli. Sasa mafuta ya chupa yatafikaje humo? Yatabaki nje, yaufunike mzizi na kuunyima hewa.

Na hili nawaambia wote wanaofuga mboga kwenye ndoo na magunia hapa Mombasa: hakuna dawa ya kuotesha vinyweleo. Mmea wenyewe huvirefusha fosforasi ikipungua, kwa hiyo ukimwaga DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kila wiki unauambia hauna haja navyo. Maji ya kisima yenye chumvi huvifupisha. Dawa ya kuua wadudu au kuvu inayouzwa Kenya sharti iwe imesajiliwa na bodi ya udhibiti wa viuatilifu, PCPB, na namba iwe kwenye lebo. Chupa isiyo na lebo, au yenye kikaratasi cha kuandikwa kwa kalamu, usiilipie hata shilingi. Neno "jeni" likiandikwa juu yake ndiyo kabisa.

Wewe mama, pandikiza miche hiyo jioni jua likishapungua, mapema kabla mizizi haijajishona kitambaani. Usiivute wala kuiosha. Ikishikilia, kata kipande cha kitambaa uzike nacho. Kisha mwagilia maji ya mfereji. Na hizo chupa mbili zirudishe, udai pesa zako.