Chupa moja imepasuka, nyingine hazina gesi

Mkuu, umeuliza kwa nini chupa moja ya bia uliyotengeneza nyumbani imepasuka na nyingine hazina gesi. Kwanza usizishike chupa zilizobaki kwa mikono mitupu. Vaa glavu nene na miwani, zifunike taulo, ziingie kwenye friji. Zikipoa kabisa, legeza vizibo taratibu. Kipande cha chupa kikiingia jichoni usikitoe mwenyewe, wahi hospitali.

Umesema ulifungasha povu lilipotulia, ukatia kijiko cha sukari kila chupa ili ipate gesi. Povu kutulia hakuthibitishi kwamba bia imemaliza kuchacha, hata kwa joto hili la Dar. Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha sukari iliyobaki. Namba ikigoma kubadilika siku tatu mfululizo, fungasha.

Kijiko nacho achana nacho, maana hakuna vijiko viwili vinavyolingana. Pima kwa mzani gramu 6 za sukari kwa kila lita, yaani lita 20 ni gramu 120. Ichemshe na kikombe cha maji dakika 5, ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha ihamishie bia humo kwa bomba la mpira. Mdomo wa mpira uzame chini, bia isirukeruke ikaingia hewa. Koroga polepole.

Tumia chupa za bia za kahawia, nene. Za juisi hapana. Acha sentimita 3 shingoni. Moja jaza ya plastiki ya soda: ikikaza usiweze kuiminya, gesi imefika, zote friji. Kwa huku kwetu wiki moja mpaka mbili hutosha. Ziweke ndani ya kreti lililofunikwa, mbali na watoto.

Kuwauzia majirani ni habari nyingine, hapo unahitaji leseni.