Barua kwa mwanangu: ile ya basi kupotea London

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama BBC walitia chumvi kwenye Twenty Twelve, ile komedi iliyoigizwa kama dokumentari ya watu wa ofisini wanaoandaa Olimpiki ya London. Chumvi ilikuwepo, lakini angalia, sehemu ya kwanza imerushwa tarehe 14 Machi 2011, inahusu saa ya kuhesabu siku zilizobaki inayowasumbua, na siku hiyohiyo ikazinduliwa saa ya kweli pale Trafalgar Square, kesho yake ikasimama.

Ila mimi iliyonikaa rohoni ni ile sehemu ya basi, wageni wa Brazili wanazungushwa mjini weee, dereva hajui njia. Madereva wenzangu depoti walicheka sana. Julai 2012 ikatokea kweli, wanariadha wa Marekani wametoka uwanja wa ndege wa Heathrow basi lao likapotea masaa manne, mmoja wao, Kerron Clement, akaandika Twitter, dunia nzima ikamshukia dereva. Nimekwambia tangu uko mdogo, dereva usimlaumu kabla hujaona karatasi aliyopewa.

Si tulikuwa Newham sisi, mashariki ya London, Stratford palipojengwa uwanja wa Olimpiki naijua nje ndani, lakini kampuni ikanipa kubeba watu wa usafi, Heathrow wakapewa madereva wa mikoani ambao London hawajawahi hata kuendesha. Mmoja nilimkuta kantini alfajiri, karatasi yake majina ya barabara tu, ramani hamna, mkono unamtetemeka mpaka chai inamwagika mezani. Nikamchorea nyuma ya bahasha, shika M4, fuata mto mpaka Limehouse, ingia A12, ukiona uwanja umefika. Jioni akanitafuta depoti nzima aje kunikumbatia. Mpaka leo nikikumbuka nafurahi, halafu hasira inapanda palepale, maana kwa nini hawakutuuliza sisi wenyeji?

Mama yako anasema pale wanachekwa mabosi, siyo dereva, na kweli yule Ian Fletcher, bosi wa kubuni mle kwenye komedi, na vikao vyake ndiyo komedi yenyewe, hata Sebastian Coe, mwenyekiti halisi wa maandalizi, alikubali kutokea humo. Hapo nawapa haki yao. Lakini bosi akichekwa kesho anaitwa kikao kingine, dereva akichekwa je? Karatasi kwanza, nasema tena. Kama ni komedi nzuri au mbaya nakuachia, ingawa ulimi unaniwasha.

Irudie hiyo ya basi uniambie kama kuna mtu anamuuliza dereva alipewa maelekezo gani. Mama yako anashikilia yupo.

Baba yako