Anachora sana, lakini hadithi haandiki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Kuchora anapenda mno, ila nikimwambia aandike hadithi anaandika neno moja, tena kwa makosa, kisha anafunga daftari. Nimsahihishe au nimwache? Na kijitabu cha hadithi nitamtengenezeaje nyumbani? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hadithi anayo, imo kwenye picha. Mwache achore kwanza, kisha kaa naye chini umuulize: “Huyu anakwenda wapi? Halafu ikawaje?” Akishasimulia, mwambie aandike sentensi moja tu chini ya picha. Akichoka, andika wewe, lakini kwa maneno yake yaleyale. Akisema “paka akaruka puu!”, hiyo “puu” iandike.

Kuhusu makosa, tafadhali weka kalamu nyekundu mbali. Mtoto akiandika “bwa” badala ya “mbwa”, au “gombe” badala ya “ng’ombe”, ujue anasikiliza sauti na kuzitafutia herufi, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kuandika. Sauti za puani mwanzoni mwa neno huwaponyoka watoto wengi. Ukimsahihisha kila neno, kesho ataandika yale tu anayoyajua, na hadithi itakufa hapo. Chagua neno moja, tena siku nyingine, mlitamke pamoja polepole: m-bwa.

Kijitabu hakihitaji stepla. Chukua karatasi 3 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo kwa sindano nene. Ingiza uzi kutoka nje kupitia tundu la kati, utoe tundu la juu, uvuke kwa nje hadi la chini, uingie ndani, kisha utokee tena la kati. Funga fundo hapo nje, ncha mbili za uzi zikiubana ule uzi mrefu. Utapata kurasa 12: jalada mbele na nyuma, na ndani nafasi 5 za kurasa mbilimbili, picha kushoto, maneno kulia. Kwa umri wake matukio matano yanatosha kabisa. Kile kijitabu cha kukunja karatasi moja mara tatu na kuikata katikati kinapendeza, lakini kurasa zake ni ndogo mno kwa mkono wa miaka 6.

Jaladani aandike jina lake: “Kimeandikwa na kuchorwa na…” Nyuma weka tarehe. Jioni awasomee nyumbani, naye ndiye aseme “Paukwa!”, ninyi nyote mwitikie.