Pembe za Picha Zikiwa Nyeusi, Tafuta Kwanza Giza Limetoka Wapi

Mtu wa Mwanza akinunua lenzi pana, ile inayoingiza eneo kubwa kwenye picha moja, safari ya kwanza huwa Capri Point au ufukweni mbele ya Jiwe la Bismarck. Ni sawa kabisa, kwa sababu miamba yetu na ziwa vinataka nafasi. Akifika nyumbani akifungua picha kwenye kompyuta, anga ni angavu katikati na pembe zote nne zimefifia. Hapo ndipo wengi wanaponipigia simu, wakiwa wameshaamua kwamba wameuziwa lenzi mbovu. Nawasihi: usiiuze lenzi, na usikimbilie kuhariri, kabla hujajua giza hilo linatoka wapi. Giza lina aina kadhaa, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kipimo ninachokitumia hakina gharama. Ngoja siku mawingu yametanda sawasawa juu ya ziwa. Weka lenzi kwenye upana wake wa mwisho, fokasi iende mbali kabisa, elekeza juu na upige tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi lote, tuseme f/2.8 (namba ikipanda, tundu linapungua). Kisha bana, yaani punguza tundu, hadi f/5.6, f/8, na mwisho f/16, ukibadilisha spidi ili katikati mwanga ubaki uleule. Zipange picha hizo pamoja kwenye skrini zikiwa ndogo. Pembe huonekana vizuri zaidi hivyo kuliko ukizikuza.

Giza likipungua kadiri unavyobana, ni la lenzi yenyewe. Tundu likiwa wazi, mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kingo za mbele na nyuma ndani ya lenzi, kwa hiyo pembeni unafika pungufu. Ukibana, mwanga hupita katikati ya vioo na kingo hazina cha kukata. Kwa lenzi nyingi, hatua mbili za kubana (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) zinamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Machweo ya ziwani hayahitaji f/2.8 hata hivyo: simamisha kamera kwenye tripodi, piga f/8.

Kutabaki weusi kidogo usioondoka. Huo ni wa maumbile: kadiri mwanga unavyoinama ndivyo unavyofika hafifu kwenye sensa, sehemu ya kamera inayopokea mwanga. Kwa hesabu tupu, mwanga ulioinama nyuzi 45 hubaki robo ya ule wa katikati. Watengenezaji hupunguza hasara hiyo kwa namna wanavyopanga vioo, lakini hawaimalizi. Lenzi pana ya bei kali nayo inao, usidanganywe dukani.

Sasa, ukibana na giza likazidi kuwa na ukingo mkali, pembe nyeusi tii, kuna kitu kimekaa mbele ya kioo. Mara nyingi ni filta mbili zimefungwa moja juu ya nyingine. Au ni kikinga jua, ile pete inayofungwa mbele ya lenzi, lakini cha lenzi nyingine, au cha lenzi hiyohiyo lakini kimelegea. Vikinga vyenye masikio vinatakiwa masikio marefu yakae juu na chini, mafupi kushoto na kulia. Kikizunguka kidogo tu, masikio marefu huingia kwenye pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari: ukiona pembe mbili nyeusi na mbili safi, shika kikinga kwanza. Na kama picha nzima imezungukwa na duara jeusi, huenda lenzi ilitengenezwa kwa kamera ya sensa ndogo nawe umeifunga kwenye ya sensa kubwa. Kwa wanaonunua vifaa vilivyotumika, hili liulizwe kabla ya kutoa pesa.

Filta ya polaraiza, ile inayopunguza mng'ao na kukoza anga, naiondoa kabisa kwenye lenzi pana nikipiga anga. Filta hii huikoza zaidi sehemu ya anga iliyo nyuzi 90 kutoka kwenye jua. Jioni, jua likiwa linazama magharibi, ukielekea kaskazini utapata mkanda mweusi katikati ya anga. Ukigeukia kaskazini-magharibi, mkanda huo unahamia upande wa kulia. Hakuna kubana kutakakouondoa, na kuusawazisha kwa kompyuta ni mateso.

Kuhariri ni hatua ya mwisho. Programu nyingi zina wasifu wa lenzi, yaani maelezo ya kasoro zake ya kusahihishia picha. Ukiuwasha, pembe zinang'aa zenyewe, na kamera nyingi hufanya hivyo ndani kwa ndani kwenye JPEG. Ila mwanga huo hautoki bure. Pembe iliyopungua hatua mbili inabidi iongezwe mara nne, na chenga, zile nukta-nukta za picha, nazo zinapanda. Kwenye anga la mchana hutaziona. Kwenye miamba iliyo kivulini saa kumi na mbili jioni, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ikiwa juu, zitaonekana wazi. Pale mimi huurudisha mwanga wa pembe nusu tu. Picha ya bwana na bibi harusi nayo siisafishi yote: pembe zikiwa na giza kiasi, macho yanabaki kwenye nyuso.

Panorama, yaani picha ndefu iliyounganishwa kwa picha kadhaa, hainiachii uhuru huo. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3 hivi, na wengi huliunganisha kwa picha kadhaa. Pembe zikiwa na giza, kila muungano unaacha mstari wa wima angani. Sahihisha kila picha kwanza, kwa kiwango kilekile, ndipo uunganishe. Ukishaunganisha, wasifu wa lenzi haujui tena pembe zilikuwa wapi.