Jibu: Kwa nini Bagamoyo inaitwa mama wa parokia?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje mji mdogo vile ukaitwa chimbuko la Ukatoliki Tanzania Bara. Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika la kimisionari la Kikatoliki, walianza Zanzibar, kisha mwaka 1868 Padre Antoine Horner akavuka bahari na kufungua misheni Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi, na wakubwa wakaoana na kukaa kijiji cha misheni. Tusipake sukari lakini: waliokombolewa waliishi chini ya amri kali za mapadre na kulima mashamba ya misheni, na wapo waliotoroka.

Familia hizo za Kikristo ndizo zilizopelekwa bara kuanzisha vituo vipya, kama Mhonda mwaka 1877. Ndiyo maana ya jina la mama wa parokia.

Tena, mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi Mskoti, ulipitia hapo Februari 1874, ukiletwa na watumishi wake kina Susi na Chuma. Watalii huulizia hilo tu! Kanisa kubwa unaloliona leo ni la baadaye, lilikamilika 1914.